Nyumba tatu, mikoa mitatu: mnatenga kiasi gani kwa mwaka kwa matengenezo?

Mhamiaji wa Dodoma

Wakuu, shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo vipi.

Naombeni msaada wa hesabu. Mimi ni mtumishi, nilikuwa Dar, serikali ilipohamia Dodoma nasi tukahamishwa. Matokeo yake nina nyumba tatu kichwani, na tajiri si mimi.

Ya kwanza iko Kigamboni. Nilianza kuijenga 2009, nikahamia 2011 ikiwa haina dari. Vyumba vitatu na sebule, bati geji 30, kisima na pampu yake. Nimeipangisha 350,000 kwa mwezi. Ya pili ni hii ninayokaa, Nzuguni, ina miaka 5. Ya tatu ni ya wazee, Njombe, tofali za kuchoma. Baba alishatangulia, mama yupo, na mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo hata kitasa kikilegea simu inaita kwangu.

Sasa mwaka jana ulikuwa hivi. Februari pampu ya Kigamboni ikaungua, 380,000. Aprili, masika yamekolea, mpangaji akanitumia video: maji yanachuruzika juu ya swichi ya sebuleni. Nikatuma fundi, akapanda, akashuka, akasema bati lote limekwisha. Kuziba viraka tu 270,000, na mwezi haukuisha pakavuja pengine. Gari la majitaka limekuja mara mbili, 120,000 kila safari. Juni mama akapiga, moshi haupandi dohani, umejaa jikoni. Hiyo na mlango wa stoo vikanitoka 160,000. Oktoba hapa Dodoma hita ya maji ikafa, 320,000, halafu ukuta wa nyuma ukafanya ufa unaoingia funguo. Nikaupiga plasta kwa 90,000, ukarudi palepale. Mabomba ya hapa na pale 140,000. Jumla 1,600,000, na paa bado bovu. Nimekopa mara mbili.

Nimesoma kwamba Wamarekani wana kanuni yao: kila mwaka tenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba. Nikapiga. Kigamboni pamoja na kiwanja wananiambia milioni 130, kwa hiyo 1,300,000. Njombe ukiuza leo hupati zaidi ya milioni 25, kwa hiyo 250,000. Ni kweli nyumba ya Njombe inakula laki mbili na nusu tu? Na ya Dodoma je? Hali ya hewa mbalimbali, bei za vifaa mbalimbali, mafundi ndiyo usiseme. Wenzangu mnafanyaje? Naomba wenye uzoefu, si wale wa "uza ununue bajaji".

Kenchi Ngumu

Mkuu, geji 30 imekaa Kigamboni miaka yote hiyo, shukuru Mungu. Mimi naezeka Temeke na Kigamboni, nakwambia usiendelee kuziba. Ukikanyaga bati lililokwisha kuziba tundu moja unafungua matatu.

Na wengi wanachanganya, kwenye bati namba ikiwa ndogo ndiyo bati nene. 28 ni nene kuliko 30. Dukani anakwambia "nakupa 32 bei poa" unaona umepandishwa daraja, kumbe umeshushwa.

Kwa vyumba vitatu vya kawaida, paa la mita za mraba kama 200, hesabu yangu: bati geji 28 la rangi mita 250 kwa 16,000 ni milioni 4. Kofia, yaani bati la kufunika kilele cha paa, na skrubu 500,000. Mbao za papi, zile bati linapigiliwa juu yake, maana za zamani lazima nyingine zimeoza, 700,000. Ufundi 900,000. Yaani 6,100,000. Ukikuta mtu anakwambia milioni 4 kila kitu, muulize geji.

Pesa Mkononi

Mnajitesa bure. Nyumba yangu Mbagala ina miaka 12 sijatia hata mia. Tofali ni tofali. Kikiharibika kitu unatengeneza, hakijaharibika unakula raha. Hizo za kutenga asilimia ni mambo ya wazungu wenye nyumba za mbao.

Bi Mkubwa wa Sahare

Marahaba mwanangu.

Nianze na huyu bwana wa Mbagala. Hujatia hata mia kwa sababu nyumba ndiyo inayokukopesha, nayo haikutumii ujumbe wa kukumbusha deni. Panda darini na tochi, ukishuka uje utuambie.

Mimi nimefanya kazi ya stoo bandarini Tanga miaka 27. Stoo kila kitu kina kadi: kimeingia lini, kwa bei gani, kimetoka lini. Nilipostaafu nikaona nyumba yangu haina hata kadi moja, nikanunua kauntabuku. Ukurasa mmoja kitu kimoja. Paa ukurasa wake, pampu ukurasa wake, karo la majitaka ukurasa wake. Watoto wangu walinicheka, sasa wanakuja kuniuliza rangi ya ukuta ilikuwa namba ngapi.

Nikueleze paa kwanza, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Nyumba yetu ipo Sahare, kusi ikivuma usiku unasikia bahari kama iko uani. Tulijenga 1998. Marehemu mume wangu alinunua geji 30 nyeupe kwa sababu mwenye duka alikuwa mwenzake wa bao. 2006 nikaanza kuona kutu, lakini si juu ya paa ambako nilikuwa naangalia. Ilikuwa chini ya upenu, pale bati linapotokeza nje ya ukuta. Nikashangaa, mvua inapiga juu, kutu inatoka chini? Baadaye ndipo nikaelewa. Upepo wa bahari unaleta chumvi, inakaa juu na chini. Ya juu mvua inaiosha. Ya chini haioshwi na mtu, inakaa pale inavuta unyevu, inakula bati taratibu. Mahali pengine ni hapo bati moja linapolalia jingine, na kwenye vichwa vya misumari. 2013 tukaezua lote. Miaka 15. Geji ileile dada yangu kaiweka Korogwe, mbali na bahari, ipo mpaka leo na anaringa nayo.

La sasa ni geji 28 la rangi. Kila baada ya miezi miwili mjukuu wangu anachukua mpira wa maji, anapiga chini ya upenu, kuzunguka nyumba nzima. Maji ya bomba lakini, si ya kisima. Wewe una kisima Kigamboni, ukiosha bati kwa maji ya chumvi utakuwa umefanya kazi ya bahari.

Sasa kanuni yako ya asilimia 1. Iangalie vizuri. Kigamboni umepata 1,300,000 kwa sababu kiwanja kimepanda bei. Njombe umepata 250,000 kwa sababu kiwanja cha kule ni rahisi. Lakini bati halijui bei ya kiwanja! Paa la mama yako lina mita zilezile. Kwa Kigamboni imepatia kwa bahati, nitakuonyesha. Kwa Njombe nakuachia watu wa huko, mimi nilifika mara moja nikarudi na kifua.

Chukua daftari tufungue kadi za Kigamboni. Kila kadi unaandika mambo matatu: bei ya leo ya kununua kipya (ya leo, si uliyonunulia), kinakaa miaka mingapi hapo kilipo, na kimebakiza mingapi. Gawa.

Pampu. 380,000, na kwa maji ya chumvi nakupa miaka 4. Ni 95,000 kwa mwaka. Rangi ya nje, weka 1,300,000 pamoja na ufundi, pwani miaka 4, ni 325,000. Usiniambie rangi ni urembo. Rangi ndiyo inayozuia chumvi isiingie kwenye plasta, na ikishaingia kwenye zege ikafika kwenye nondo, nondo zinavimba kwa kutu, lenta, ile boriti ya zege juu ya madirisha, inapasuka, hapo unazungumza habari nyingine kabisa. Na kama mchanga uliojengea ulichotwa karibu na ufuko, kagua lenta zako kila mwaka. Karo, safari mbili, 240,000. Tanki la maji 420,000 kwa miaka 12, ni 35,000. Nyaya, saketi breka na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), fanya 1,500,000 kwa miaka 20, ni 75,000. Vyoo, koki, vitasa, nyavu, mpangaji akitoka mwingine akiingia, 200,000.

Hizo ni 970,000 bila paa.

Paa, 6,100,000 za bwana Kenchi. Kama lingekuwa jipya ningegawa kwa miaka 18, ingekuwa 339,000, jumla 1,309,000. Umeona? Inakaribiana na asilimia 1 yako. Ila paa lako si jipya. Nakupa miaka 3, na hiyo ni huruma. 6,100,000 kwa 3 ni 2,033,000 kwa mwaka. Jumisha na zile, 3,003,000. Kodi yako ya mwaka ni 4,200,000.

Kwa hiyo kwa miaka 3 kila mwezi mpangaji akikupa 350,000, laki mbili na nusu si yako. Ni ya nyumba. Wewe una elfu tisini na tisa na chenji. Miaka yote iliyopita ulikuwa unakula paa bila kujua. Nasi tulilila letu hivyohivyo, sikulaumu. Ada tatu za watoto zilitoka kwenye bati lile.

Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, 1,500 kwa mwezi, ni ya mwenye nyumba. Mrudishie mpangaji wako 18,000 zake kwa mwaka, usimfanye mjinga.

Pesa uiweke wapi. Mwanzo niliiweka kwenye kikoba. Kikoba kinavunjwa Desemba, pampu yangu ilikufa Agosti. Nikaenda kuomba kama mkopaji na pesa ni yangu. Siku hizi naiweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ule wa uwekezaji wa pamoja, nikiihitaji nasubiri siku chache. Hizo siku chache nazipenda, zinanizuia nisiitoe kwa sababu ya harusi.

Jingine, wakati. Ezeka Januari au Februari, kaskazi, kukavu, mafundi wanatafuta kazi. Mwaka 2017, masika yale mvua haikutaka kukatika hapa Tanga, jirani yangu aliita fundi Mei. Alilipa ufundi mara mbili ya niliolipa mimi, na turubai akakodi, na godoro moja akatupa.

Nimeandika mpaka chai imepoa. Nikikumbuka jingine nitarudi.

Mla Kiazi

Kamwene mkuu. Njombe mjini hapa.

Bi Mkubwa amesema kweli, huku chumvi hakuna. Bati la shule niliyosoma ni la miaka ya 90 na bado linang'aa. Huku kinachokula nyumba ni unyevu. Mvua inaanza Novemba mpaka Aprili, mara nyingine Mei, halafu Juni na Julai ukungu na baridi, kitu hakikauki. Kwa hiyo usiangalie bati la mama, angalia kilicho chini yake: kenchi zinazobeba paa, papi, na fisha bodi ya ukingoni. Chomeka kisu. Kikizama kama kwenye parachichi, hiyo mbao imekwenda.

Nafuu yetu ni mbao. Msitu uko mlangoni. Mbili kwa nne ya futi 12 nimenunua wiki iliyopita 4,500, rafiki yangu Dar anasema yeye ananunua karibu mara mbili. Tunakopigwa ni vitu vinavyopanda lori kuja: jipsamu, marumaru, vifaa vya choo. Vingine vinafika vimevunjika na bei ni ileile.

Sasa nikuulize, nyumba ya mzee ina gata? Hizi za tofali za kuchoma za zamani chini zimejengwa kwa udongo, si saruji. Mvua ya miezi sita inadondoka kutoka kwenye bati, inarukia ukuta futi mbili za chini, udongo unalika, tofali zinabaki zimesimama kwa mazoea. Kama haina gata, weka mwaka huu, Septemba au Oktoba kabla ya mvua, na piga plasta ya saruji kuzunguka msingi. Kwangu vyote viwili vilinitoka 700,000 na kidogo.

Dohani ni masizi. Kila mwaka kabla ya Juni tafuta kijana, mpe 20,000 na ugali, asugue kutoka juu. Mama asisubiri moshi urudi.

Kwa hiyo 250,000 yako haitoshi kabisa mwaka wa kwanza wala wa pili. Weka 500,000 miaka miwili, gata na mbao zikikaa sawa shusha mpaka 200,000. Yaani unaweza kuanza juu ya hiyo asilimia ukaishia chini yake. Ingekuwa kanuni ingekaa mahali pamoja.

Mkisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi sina paa la bati, nina zege juu, lakini maji ya kisima hapa Kisauni ni chumvi tupu na nataka kuongeza kitu kimoja. Hita ile ya kwenye shawa nilikuwa naibadilisha kila mwaka, KSh 3,500 inakwenda. Baadaye nikajua kuna aina inayotengenezwa maalumu kwa maji ya chumvi, ni ghali kidogo, imeingia mwaka wa tatu. Muulize mpangaji wako anatumia gani. Na ethi yako ikaguliwe, ndugu yangu. Ile fimbo ya chini ya ardhi huku pwani inaliwa na hakuna anayeiona, halafu mtu anaoga kwa hita ya umeme.

Nyundo ya Chamwino

Ninakaa Dodoma, kazi yangu ujenzi. Niende kwenye ufa.

Mkuu, kabla hujapiga plasta mara ya pili, chukua penseli. Weka alama mwisho wa ufa juu na chini, andika tarehe. Pima upana. Rudia kila mwezi. Maeneo mengi ya Dodoma yana udongo wa mbuga, mvua ya Desemba mpaka Aprili ikiingia unavimba, kiangazi unasinyaa unapasuka. Msingi uliokaa juu yake unapanda na kushuka. Kama ufa unafunguka na kufumba kwa msimu, tatizo ni maji na udongo, plasta haikusaidii. Kama unakua tu bila kurudi, mwite mhandisi, si fundi.

Swali moja muhimu: maji ya bafu na ya kufulia unayamwaga wapi?

Hita, hapa maji yana ukoko. Ukifungua birika lako la chai utaona. Hukuhitaji kununua hita nzima ya 320,000. Fungua kila baada ya miezi sita, ondoa ukoko kwa siki, elementi ikifa badili elementi, 30,000. Kadi ya hita Dodoma ni ya 60,000 kwa mwaka. Na mabomba ya plastiki yaliyo nje ya ukuta yafunike au yapake rangi, jua la hapa linayafanya yavunjike kama biskuti.

Mhamiaji wa Dodoma

Mkuu Nyundo, nimesoma swali lako nikatoka nje na tochi. Maji ya bafu yanatoka kwa bomba mpaka kwenye migomba. Migomba iko nyuma ya nyumba. Umbali kutoka ukutani ni hatua mbili. Ufa uko hapohapo.

Nyundo ya Chamwino

Umejijibu. Miaka 5 unamwagilia msingi. Peleka maji mita 5 mbali, chimba shimo lake la kokoto, na ukuta uuwekee mkanda wa zege wa mita moja kuzunguka, mteremko uelekee nje. 600,000 mpaka 800,000 inategemea na mzunguko wa nyumba. Subiri masika na kiangazi kimoja, ndipo uzibe ufa.

Mtoto wa Shangani

Mie ni wa Unguja, Mji Mkongwe, nyumba ya urithi tuko ndugu saba. Nimesoma hizo kadi nimecheka kwa uchungu, maana sisi kikao cha kuchangia kinachukua muda kuliko kazi yenyewe.

La kwetu ni tofauti kidogo. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaka 2004 kaka yetu mkubwa aliona chokaa inapukutika kila mara, akasema tupige saruji tumalize kazi. Saruji ilikaa ngumu nzuri miaka minne. Ndani mawe yakabaki na maji, hayana pa kutokea, boriti za mikoko zikaanza kuoza vichwa mle ukutani. Tukabandua saruji yote kwa patasi, tukarudi kwenye chokaa. Gharama ilikuwa ya mara tatu: kupiga, kubandua, kupiga tena. Chokaa unairudia kila miaka michache na pesa yake ni ndogo, ndiyo kadi yake hiyo. Kila mtu akague nyumba yake imejengwa kwa nini kabla hajasema "tumalize kazi".

Pesa Mkononi

Nimepanda darini. Sitasema nilichokiona.

Kenchi Ngumu

😂 Njoo PM mkuu.

Mhamiaji wa Dodoma

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nilishuka Dar Ijumaa, Jumamosi nikavuka na pantoni mpaka Kigamboni nikiwa na futi kamba na kauntabuku. Mpangaji alidhani nimekuja kumwondoa.

Bi Mkubwa, ni kama ulikuwepo. Juu kuna rangi ya kutu hapa na pale tu. Chini ya upenu upande wa bahari nilisukuma kwa kidole kikapita. Lenta ya dirisha la jikoni ina ufa wa kulala kama sentimita 40, nimeupiga picha na kuandika tarehe kwa penseli. Mita za paa ni 194, kwa hiyo hesabu ya Kenchi iko palepale. Kenchi, nakutafuta Januari.

Mpangaji nimekaa naye. Nilitaka kupandisha kodi mara moja, nikaona aibu kupandisha nyumba inayovuja. Tumekubaliana 350,000 inabaki mpaka paa jipya likae, baada ya hapo 400,000. Nimemrudishia za LUKU za mwaka mmoja, akashtuka kuliko alivyoshtuka nilipofika.

Miaka 3 siwezi kusubiri na lile tundu la kidole. Nina 1,150,000 niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya marumaru za hapa Nzuguni. Marumaru zisubiri. Nikiongeza 250,000 kila mwezi kuanzia sasa mpaka Januari nafika milioni 3 na ushee, nitaezeka upande wa bahari kwanza, ule mwingine mwaka unaofuata. Kenchi utaniambia kama nusu inawezekana bila kuharibu kofia.

Njombe nimemtumia mdogo wangu pesa ya gata. Mama amesema kwa nini tunaharibu nyumba ya baba wa watoto wake kwa kuitoboatoboa, tunaendelea kumbembeleza.

Migomba nimeng'oa mmoja. Ile mingine mke wangu ameniambia nihamishe maji, nisihamishe chakula.

Kenchi Ngumu

Nusu inawezekana, tunaanzia kwenye kofia kushuka. Ila nunua bati zote siku moja kiwanda kimoja, ukirudi mwaka ujao rangi haitafanana na migongo inaweza isikae. Kama pesa haitoshi zote, afadhali usubiri na turubai upande ule.

Bi Mkubwa wa Sahare

Umefanya vizuri mwanangu, na la mpangaji limenifurahisha.

Nimepitia tena ulichoandika mwanzo. Pampu ina kadi. Kisima chenyewe sikioni. Kilichimbwa lini, na kina futi ngapi?

Mhamiaji wa Dodoma

2010, mama. Futi sijui. Aliyechimba alishafariki.

Bi Mkubwa wa Sahare

Basi siku pampu ikitolewa tena, funga jiwe kwenye kamba ushushe, upime mpaka maji na mpaka chini. Andika zote mbili.